Michoto Kumi na Mitano

Isongole, mwezi wa saba. Ukungu umeyaatamia matuta
kama kuku aliyegoma kunyanyuka.
Shemeji Anyosisye ananimiminia chai ya tangawizi
na swali juu yake:
"Umesoma dini ngapi wewe,
hata useme hapana?"

Nahesabu kwa vidole vyenye udongo.
Hii yenu, niliyolelewa nayo,
namba za nyimbo ubaoni, chaki inayovunjika,
benchi linalobana mapaja.
Ya mama Rukia pale Uyole, nusu tu,
futari za Ramadhani mbili na maswali ya jikoni.
Kurasa kadhaa za kitabu cha Wahindi,
kilichokuja kimefungia sabuni.
Basi. Vidole vimebaki.

"Unaona!" Kicheko chake
kinatoka na moshi wa baridi.

Shemeji, mimi ni mpima udongo.
Nikiingia shambani sichimbi shamba zima.
Natembea mshazari, kulia, kushoto,
kama mtu anayetoka kilabuni,
michoto kumi na mitano, ndoo moja,
nachanganya, nabakiza nusu kilo,
naandika jina la mwenye shamba.
Wiki mbili baadaye namwambia:
tindikali imezidi, tia chokaa.
Hajatokea wa kunijibu
rudi, hujaonja kila bonge.

Anakoroga chai isiyo na sukari.
"Mungu si kiazi."

Kweli si kiazi.
Kiazi nikikifukua nakiona.

(Hapo nimemwumiza.
Kijiko kimesimama.)

Lakini nami nina langu, la siku nyingi.
Ule msitu nyuma ya shule,
ambao akina bibi hawakuvunja hata kijiti chake,
mlipouangusha mkapata mbao za mabenchi
(hayohayo yanayobana mapaja),
nani kati yenu alikaa kwanza na bibi Syabumi
amfundishe maneno ya kumwagia maji mzizini,
na kwa nini asubuhi, na kwa nini bila viatu?
Nani alisoma?
Mlisema giza, mkanoa mashoka.
Gunia zima mlilirudisha bila kulifungua
na hakuna aliyewadai cheti.

Kimya.
Nje, Atuganile anawafokea vijana wa lori:
lumbesa hapana, jamani, lumbesa hapana.

Nilitaka kushinda, na sasa nimeshinda
chai imeniwia chungu.
Kwa hiyo namsimulia jambo
ambalo ofisini sijamwambia mtu.

Kule Ndaga nilimpimia mama mmoja, Tumwitike.
Nikamwandikia shamba lako limechoka lote.
Akauza mbuzi, akanunua mbolea.
Msimu ulipofika, kona moja,
ambayo hakuitia hata chembe,
ilistawi kuliko kwingine kote,
majani meusi kwa afya, viazi kama ngumi za bondia.
Nilikuwa nimepita hatua mbili kando.
Hatua mbili, shemeji.
Tangu hapo, chini ya kila ripoti naandika
kwa herufi ndogo, lakini naandika:
*kwa sehemu zilizochotwa.*

Sijasema naamini.
Nasema nikikana, nakana kwa ndoo niliyonayo,
na ndoo nimeibeba mwenyewe,
nyingine mmezirithi zikiwa zimejaa.

Anyosisye anafuta midomo kwa kiganja.
Nadhani ataomba, au atanifukuza,
kwake vyote viwili huanza kwa kukohoa.
"Ile kona," anasema. "Ulirudi kuipima?"

Nilirudi.

"Ukakuta nini?"

Majivu. Palikuwa na nyumba zamani,
iliungua, watu wakahama.

"Nyumba ya nani?"

Sikuuliza.

Anaitikia kwa kichwa, taratibu,
anavaa kofia yake ya sufu,
ananipa upande mmoja wa gunia,
anashika mwingine,
tunanyanyua.